Walter Johnson: Mkono wa Radi, Ulimi wa Upole

Si ajabu kwa mtu aliyejipatia sifa uwanjani kwenda kuomba kura baada ya mikono au miguu kuchoka. Umaarufu ni mtaji, na vyama vya siasa vya kila nchi vinalifahamu hilo. Lisilochunguzwa mara nyingi ni iwapo tabia iliyompa mtu heshima mchezoni ndiyo itakayomfaa jukwaani. Maisha ya Mmarekani Walter Perry Johnson, mrushaji mpira wa besiboli aliyefariki mwaka wa 1946, yanalitia swali hili uzito wa pekee. Alikuwa na mkono uliowatetemesha wapigaji wote wa zama zake, ilhali alichokiogopa yeye mwenyewe kuliko kushindwa ni kumwumiza mtu.

Kwa msomaji asiyeizoea besiboli, yafaa kueleza jambo moja au mawili kwanza. Mchezo huu una unasaba na kriketi. Timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja hupokezana kupiga na kulinda, na mechi ya kawaida huwa na zamu tisa. Mrushaji husimama umbali wa takriban meta 18 na nusu kutoka kwa mpigaji, naye huurusha mpira moja kwa moja hewani, bila kuudundisha chini kama ilivyo katika kriketi. Mpigaji mwenye gongo mkononi anatakiwa kuupiga na kukimbia kupitia vituo vitatu hadi arudi nyumbani, yaani pale alipoanzia. Hapo timu yake hupata alama moja. Akiukosa mpira mara tatu, anaondolewa. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe. Katika zama za Johnson wapigaji hawakuvaa kofia ngumu. Mrushaji aliyeutupa mpira karibu na kichwa cha mpigaji alimtia hofu, na hofu hiyo ilikuwa silaha halali ya mchezo.

Johnson alizaliwa tarehe 6 Novemba 1887 katika shamba karibu na mji mdogo wa Humboldt, jimboni Kansas. Alikuwa mtoto wa pili kati ya sita wa Frank na Minnie Johnson. Kilimo hakikuwalipa wazazi wake, na mnamo 1902 jamaa hiyo ilihamia Olinda, kusini mwa California, ambako visima vya mafuta vilikuwa vikitoa ajira. Huko ndiko kijana huyo mrefu, mkimya, mwenye mikono mirefu kupita kiasi, alikoanza kurusha mpira. Mtindo wake haukufundishwa na mtu. Hakuuinua mkono juu ya bega kama wengi walivyofanya, bali aliupitisha ubavuni, mithili ya mtu anayetupa kijiwe kiruke juu ya maji ya ziwa. Mwendo huo ulionekana wa kivivu, tena wa kizembe, mpaka mpira ulipokuwa umekwisha kumpita mpigaji. Katika mechi moja ya shule ya Fullerton dhidi ya Santa Ana, iliyorefuka hadi zamu ya 15, aliwaondoa wapigaji 27 kwa kuwakosesha mpira.

Hata hivyo, njia ya kufikia ligi kuu haikumnyookea. Mwaka wa 1906 timu ya Tacoma ilimjaribu kisha ikamwacha. Badala ya kurudi nyumbani, alielekea Weiser, mji mdogo jimboni Idaho, ambako alifanya kazi katika kampuni ya simu siku za wiki na kuichezea timu ya mji siku za mapumziko. Habari za kijana aliyekuwa akimaliza zamu baada ya zamu bila kufungwa zikaanza kusambaa. Mnamo Juni 1907 timu ya Washington ilimtuma mdakaji wake, Cliff Blankenship, ambaye alikuwa ameumia na hakuwa na kazi uwanjani, akamtazame. Inasimuliwa kwamba Johnson hakubali kutia saini mpaka alipohakikishiwa nauli ya kurudia California iwapo angeshindwa. Alikuwa na umri wa miaka 19, na tayari alikuwa na tabia ya mkulima: kabla ya kupanda, alifikiria ukame.

Timu aliyojiunga nayo iliitwa rasmi Nationals lakini umma uliijua kwa jina la Senators, yaani Maseneta. Kejeli ya jina hilo itaonekana mbele. Kwa wakati huo lilikuwa jina la timu dhaifu, iliyozoea kuvuta mkia katika Ligi ya Amerika. Johnson alicheza mechi yake ya kwanza tarehe 2 Agosti 1907 dhidi ya Detroit, akashindwa kwa alama 3 kwa 2. Miongoni mwa wapinzani wake siku hiyo alikuwamo Ty Cobb, mpigaji mkali na mjanja ambaye walikuja kupambana kwa miaka 20. Ni Cobb huyu aliyegundua, kabla ya wengine wengi, mahali ulipokuwa ufa katika ngome ya Johnson.

Nguvu za ngome hiyo zilidhihirika mapema. Mnamo Septemba 1908, Washington ikiwa New York, Johnson alirusha mpira Ijumaa tarehe 4, na wenyeji hawakupata hata alama moja. Jumamosi akarudi, wakakosa tena. Jumapili haikuchezwa, kwa kuwa sheria za New York zilikataza mechi siku ya ibada. Jumatatu akasimama uwanjani mara ya tatu, na kwa mara ya tatu New York ikaondoka mikono mitupu. Leo mrushaji hupumzishwa siku nne au tano baada ya mechi moja. Johnson alifanya kazi ya majuma mawili kwa siku nne, naye hakuwa ametimiza miaka 21.

Ila mrushaji hawezi kufunga alama peke yake. Mwaka wa 1909 alishindwa mechi 25, nyingi kati yake kwa sababu wenzake hawakuweza kupiga. Katika maisha yake yote ya uchezaji alipoteza mechi 26 kwa alama moja kwa bila. Wanaomjua wanasema hakuwahi kumkaripia mchezaji mwenzake kwa kosa lililomgharimu ushindi. Mfano wa Julai 1, 1920 unatosha. Siku hiyo, huko Boston, hakuna mpigaji aliyefanikiwa kumpiga mpira wa kufika kituoni; ilikuwa mara ya pekee maishani mwake kulifanya hilo. Asingemruhusu mtu yeyote kufika kituoni kwa njia yoyote lau si kosa moja la Bucky Harris, kijana aliyekuwa akilinda kituo cha pili. Harris huyo atarejea katika habari hii.

Miaka ya 1912 na 1913 ndiyo iliyomtia katika kundi la watu wasiosahaulika. Mwaka wa kwanza alishinda mechi 33, 16 kati ya hizo mfululizo. Mwaka wa pili alishinda 36 na kushindwa 7 tu, akapita zaidi ya zamu 55 mfululizo bila kufungwa, rekodi iliyodumu hadi 1968 ilipovunjwa na Don Drysdale. Alituzwa gari aina ya Chalmers kwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Watu walitamani kuujua mwendo wa mpira wake, na mwaka wa 1912 alipelekwa kwenye kiwanda cha silaha cha Remington huko Bridgeport, Connecticut, ambako mitambo ya kupimia risasi ilitumiwa kuupima mpira. Ulipatikana mwendo wa futi 122 kwa sekunde, takriban kilometa 134 kwa saa. Mitambo hiyo haikuundwa kwa ajili ya mtu anayerusha kwa mkono wa ubavuni, na yamkini haikumtendea haki.

Waandishi wa michezo walimpa lakabu ya Garimoshi Kubwa, kwa kuwa katika zama hizo hapakuwa na chombo kilichozoeleka cha kupita garimoshi kwa kasi na ngurumo. Wanafunzi wa fasihi watalitambua jina hili kuwa majazi: mhusika hupewa jina linalobeba sifa zake. Lakini majazi yana kawaida ya kumshika mhusika upande mmoja tu. Jina hilo lilimfaa mkono, halikumfaa mwenye mkono. Garimoshi halimwoni aliyesimama relini. Johnson alimwona kila mara.

Na hapo ndipo Cobb alipoingilia. Aliona kwamba kila mpira ulipomponyoka Johnson na kuelekea kwa mwili wa mpigaji, uso wa mrushaji ulijikunja kwa fadhaa kuliko uso wa mpigaji mwenyewe. Tangu siku hiyo Cobb alisogea karibu kabisa na eneo la kurushia, akijua kwamba Johnson angeuelekeza mpira mbali naye ili asimgonge, na kwa hiyo angelazimika kupunguza ukali. Cobb alilikiri jambo hili baadaye bila haya. Mrushaji mwingine yeyote angemjibu kwa mpira mmoja wa mbavuni na mchezo ungeisha hapo. Johnson hakujibu. Hofu yake haikuwa ya bure: mnamo Agosti 1920 Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira wa Carl Mays huko New York, akafariki siku iliyofuata. Ifahamike pia kwamba Johnson mwenyewe aliwagonga wapigaji zaidi ya 200 katika miaka 21. Hakuwagonga kwa kukusudia, ila mpira wa kasi hiyo hauongozwi wakati wote. Kila mmoja wa hao ulikuwa mzigo kwake.

Siasa ilimkaribia kabla yeye hajaikaribia. Alichezea jiji kuu, na viongozi wa nchi walikuwa majirani wa uwanja wake. Tarehe 14 Aprili 1910 Rais William Howard Taft aliurusha mpira wa kufungua msimu, na kuanzisha desturi iliyofuatwa na marais wengi baada yake. Aliyeudaka mpira huo alikuwa Johnson, ambaye kisha alishinda mechi hiyo kwa alama tatu kwa bila. Mpira ulipelekwa Ikulu, ukarudi ukiwa na saini ya rais. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Juni 1914, alimwoa Hazel Lee Roberts, binti wa Edwin Roberts, aliyekuwa mbunge wa jimbo la Nevada. Hivyo basi alikaa meza moja na siasa kila mkwewe alipowatembelea. Hakuonyesha dalili ya kuitamani.

Mwisho wa mwaka huo huo ulimpata katika mtego wa pesa. Ligi mpya, iliyoitwa Federal, ilikuwa ikiwanunua wachezaji wa ligi za zamani, na Johnson akatia saini mkataba na timu yake ya Chicago. Clark Griffith, aliyekuwa akiiendesha timu ya Washington, akamfuata na kumshawishi arudi. Akarudi, na hakuichezea timu nyingine hadi alipostaafu. Wapo waliomsifu kwa uaminifu na wapo waliomlaumu kwa kuvunja neno lake kwa Chicago. Lawama hizo zilimkera kwa muda mrefu kwa kuwa zilikuwa na chembe ya ukweli.

Miaka ya mwanzo ya 1920 ilikuwa ya machungu. Mkono ulianza kuuma. Mwaka wa 1921 babake alifariki, na kabla mwaka haujaisha bintiye mdogo, Elinor, naye akafariki. Magazeti yakaanza kumwandika kama mtu aliyepita. Alikuwa ametumia miaka 17 katika timu isiyowahi kufika fainali, na wapenzi wa mchezo waliamini kwamba angestaafu bila kuonja World Series, shindano la mechi saba kati ya mabingwa wa ligi mbili kuu.

Ndipo ukaja mwaka wa 1924. Griffith alimkabidhi umeneja Bucky Harris, yule yule wa kosa la Boston, akiwa na umri wa miaka 27 na bado mchezaji. Johnson, mwenye miaka 36, alishinda mechi 23, na Washington ikatwaa ubingwa wa Ligi ya Amerika kwa mara ya kwanza. Wapinzani wao katika fainali walikuwa New York Giants. Hata watu wasioijali Washington waliiombea kwa ajili ya mzee huyo mmoja. Naye akawaangusha. Alishindwa mechi ya kwanza baada ya zamu 12, akashindwa tena mechi ya tano kwa alama 6 kwa 2. Inasemekana alitoka uwanjani siku hiyo akiwa ameinamisha kichwa, akijua kwamba huenda ndoto ya miaka 17 ilikuwa imefia mikononi mwake mwenyewe.

Lakini Washington ilishinda mechi ya sita, na tarehe 10 Oktoba mechi ya saba ikachezwa Washington mbele ya Rais Calvin Coolidge. Harris alikwisha kuwatumia warushaji watatu. Katika zamu ya nane alama zikawa 3 kwa 3, baada ya mpira wa Harris mwenyewe kugonga kitu ardhini na kumruka kijana Fred Lindstrom wa New York. Kuanzia zamu ya tisa Harris alimwita Johnson. Uwanja mzima ulisimama. Kwa zamu nne mzee huyo alitumbukia hatarini na kujinasua. Mara kwa mara New York walikuwa na watu vituoni, na kila mara alipata nguvu za kuwazima. Katika zamu ya 12 Muddy Ruel, mdakaji wa Washington, aliupiga mpira juu karibu na nyumbani, na ungepaswa kudakwa kwa urahisi. Mdakaji wa New York, Hank Gowdy, alikuwa ameitupa chini barakoa yake ya chuma. Mguu wake ukanasa ndani ya barakoa hiyo na mpira ukaanguka. Ruel akapewa nafasi ya pili, akapiga hadi kituo cha pili. Johnson naye akafika kituoni kwa kosa la walinzi. Kisha Earl McNeely akapiga mpira wa chini kuelekea kwa Lindstrom, ukagonga kijiwe, kama ule wa kwanza, ukamruka. Ruel akakimbia nyumbani. Washington 4, New York 3.

Kijiwe hicho kimeandikwa sana. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba ushindi mkubwa kuliko yote wa Johnson haukutokana na kumtisha mtu, bali na kustahimili mpaka bahati ilipogeuza uso. Hakuwa tena na mpira wa ujana. Mwaka uliofuata bahati ilidai deni lake: Washington walifika fainali tena, dhidi ya Pittsburgh, Johnson akashinda mechi mbili, kisha akaachwa uwanjani kwenye mvua na matope katika mechi ya saba hadi akashindwa kwa 9 kwa 7. Rais wa Ligi ya Amerika alimshutumu Harris hadharani kwa kumwacha mzee huyo aendelee kwa sababu ya mapenzi badala ya busara. Harris hakujuta. Alishindwa, kwa mtazamo wake, akiwa na mtu aliyemwamini kuliko wote.

Alivunjika mguu mazoezini mwaka wa 1927 na akastaafu msimu huo. Mara yake ya mwisho kushika gongo ilikuwa tarehe 30 Septemba, siku ambayo Babe Ruth alipiga mpira wake wa 60 wa kutoka nje ya uwanja. Johnson aliupiga mpira juu, na Ruth ndiye aliyeudaka. Hesabu yake ilifungwa kwa ushindi 417, wapigaji 3,509 walioondolewa kwa kukosa mpira, na mechi 110 ambazo wapinzani hawakupata alama yoyote. Rekodi ya pili ilidumu hadi 1983. Ya tatu haijavunjwa. Mwaka wa 1936 alikuwa mmoja wa watu watano wa kwanza kuchaguliwa katika Ukumbi wa Watukufu wa Besiboli, pamoja na Cobb, Ruth, Honus Wagner na Christy Mathewson.

Umeneja haukumpa furaha kama hiyo. Aliiongoza Washington toka 1929 hadi 1932, na katika misimu mitatu ya mwisho ilishinda zaidi ya mechi 90 kila mwaka, lakini haikutwaa ubingwa. Ikasemwa kwamba alikuwa mpole mno kuwaongoza wanaume. Aliachishwa, mrithi wake Joe Cronin akautwaa ubingwa mwaka uliofuata. Cleveland, alikokwenda mwaka wa 1933, hali ilikuwa mbaya zaidi. Alipojaribu kuwa mkali kwa kuwafukuza wachezaji wawili wa zamani, mashabiki walimzomea, na kufikia Agosti 1935 alikuwa ameondoka. Ukali aliouazima haukumkaa.

Pigo lililomuumiza kuliko hayo yote lilikuwa kifo cha Hazel, tarehe 1 Agosti 1930, katika joto kali, baada ya safari ndefu ya gari kutoka Kansas. Alikuwa na umri wa miaka 36. Aliacha watoto watano. Wanaosema kwamba meneja Johnson hakuwa na moto ndani yake hukumbuka kuhesabu ubingwa na kusahau kuhesabu hilo. Baadaye alinunua shamba Germantown, katika Kaunti ya Montgomery, Maryland, akalea wanawe na ng'ombe wake, akaishi na mama yake mzazi.

Hakuachwa atulie. Tarehe 22 Februari 1936, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa George Washington, mji wa Fredericksburg ulimwalika athibitishe ngano kwamba rais huyo wa kwanza aliwahi kutupa sarafu hadi ng'ambo ya mto Rappahannock. Mbunge Sol Bloom wa New York alikuwa amelikejeli jambo hilo. Johnson, mwenye miaka 48, alitupa dola ya fedha. Moja ikatumbukia majini, nyingine zikavuka, umbali wa zaidi ya meta 110. Bloom alijitetea kwa kusema kwamba katika karne ya 18 mto ulikuwa mpana zaidi. Hapo Johnson angeweza kujifunza kitu kuhusu wanasiasa.

Mwaka wa 1938 majirani zake walimwomba agombee ukamishna wa Kaunti ya Montgomery kwa tiketi ya chama cha Republican. Kaunti hiyo ilikuwa imezoea kuwachagua wafuasi wa chama cha Democratic, lakini walimchagua. Kazi ya kamishna ilikuwa ya barabara, kodi, shule na mifereji, na ilimwafiki mkulima. Hakuna aliyehitaji hotuba ndefu kutoka kwake. Wapiga kura walikuwa wamemwona dukani na kanisani, na hilo lilitosha.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilifuata mwaka wa 1940. Viongozi wa Republican walihitaji jina kubwa la kupambana na William Byron, mbunge wa Democratic wa eneo bunge la sita la Maryland. Eneo hilo lilianzia pembezoni mwa jiji la Washington, likapita mashamba ya Frederick hadi milima ya magharibi. Byron alikuwa mwenye kiwanda cha ngozi na mzoefu wa siasa za kwao. Joseph Martin, kiongozi wa wachache katika Bunge la Wawakilishi, alikuwa miongoni mwa waliomshawishi Johnson. Martin alisimulia baadaye kwamba alimwandikia hotuba mbili, moja ya wakulima na nyingine ya watu wa mijini, na kwamba Johnson alizichanganya, akawasomea wakulima ya mjini na watu wa mjini ya wakulima. Kisa hiki kina harufu ya chumvi ya msimuliaji. Hata hivyo, kinafichua tatizo lenyewe. Mtu aliyeaminiwa kwa kuwa hakuwa na maneno mawili alikuwa amepewa hotuba mbili.

Fauka ya hayo, kampeni zilidai jambo ambalo Cobb alikwisha kugundua kwamba Johnson hakuliweza. Mgombea anayetaka kumng'oa mbunge aliyeko kitini sharti amshambulie. Johnson alipanda majukwaani, akatia saini mipira ya watoto, akazungumzia besiboli alipoulizwa na hata alipokuwa hajaulizwa. Watu walikuja kwa wingi kumwona. Kuja kumwona hakukuwa sawa na kumpigia kura, hasa mwaka ambao Rais Franklin Roosevelt alikuwa akigombea muhula wa tatu na vita vilikuwa vimewaka Ulaya. Tarehe 5 Novemba 1940 Byron alipata kura 60,037 na Johnson 52,258. Mwanamume aliyevaa kwa miaka 21 sare ya timu iliyoitwa Maseneta hakuwahi kuingia katika Bunge la Marekani.

Si haki kuhitimisha kwamba warushaji wa besiboli hawafai katika siasa. John Tener, aliyerusha mpira katika karne ya 19, alikuwa gavana wa Pennsylvania kuanzia 1911 hadi 1915. Jim Bunning, aliyefariki mwaka wa 2017, alihudumu katika Seneti kwa miaka 12 kama mwakilishi wa Kentucky. Yeye hakusita kuutupa mpira karibu na mbavu za mpigaji, wala hakusita kumkabili mpinzani kwa maneno makali. Tofauti ya Johnson na hao haikuwa ya akili. Alikuwa amefanya uamuzi wake miaka mingi nyuma kuhusu kile ambacho asingekifanya ili ashinde, na uamuzi huo ulimfuata kutoka uwanjani hadi jukwaani.

Miezi mitatu na ushei baada ya uchaguzi, Februari 1941, Byron alifariki katika ajali ya ndege jimboni Georgia. Kiti kikawa wazi. Mtu mwenye kura zaidi ya 52,000 mfukoni angeonekana kuwa na njia nyeupe. Johnson hakugombea tena. Katharine Byron, mjane wa marehemu, ndiye aliyeshinda uchaguzi mdogo na kuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Maryland bungeni.

Alijitokeza mbele ya umati mkubwa mara moja zaidi, tarehe 23 Agosti 1942, katika uwanja wa Yankee, kuchangisha fedha za kusaidia jamaa za wanajeshi. Watazamaji wapatao 69,000 walimwona, akiwa na miaka 54, akimrushia mpira Babe Ruth mwenye miaka 47. Aliirusha mipira ambayo Ruth angeweza kuipiga, na Ruth akaipiga miwili hadi kwa watazamaji.

Mwaka wa 1946 uvimbe wa ubongo ulimlaza hospitalini kwa miezi mingi. Alifariki Washington tarehe 10 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa Rockville, mji mkuu wa kaunti aliyoitumikia kama kamishna, kando ya kaburi la Hazel.